Kakao ya Ibada: Jinsi ya Kuitambua Iliyo Halisi

Katika toleo hili tunajadili lebo inayowatatiza wanafunzi wetu wa tafsiri: kakao “ya ibada”. Wazo hilo lina mizizi kwa Wamaya wa Guatemala na Mexico, waliokunywa kakao katika ndoa na matambiko. Chombo cha udongo kilichofukuliwa Río Azul, Guatemala, mwaka 1984, chenye umri wa miaka 1,500 hivi, kina neno “kakaw” kwa maandishi ya Kimaya.

Hata hivyo, hakuna kiwango cha kimataifa kinacholinda jina hilo; muuzaji yeyote aweza kulitumia. Kwa hiyo tusome viambato. Kwanza, kiwe kimoja tu: mbegu za kakao zilizochachushwa, kukaushwa, kukaangwa na kusagwa. Pili, mafuta yasiwe yamekamuliwa. Mafuta ni karibu nusu ya uzito wa mbegu, na unga wa kawaida hubaki baada ya kuyakamua, ufundi uliopewa hataza kwa van Houten huko Uholanzi mwaka 1828. Tatu, mahali ilikolimwa patajwe.

Kakao ya Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, yaweza kutimiza masharti yote matatu, lakini kuiita ya Kimaya ni kumdanganya mnunuzi. “Isiyokamuliwa mafuta” hueleza bidhaa yenyewe. “Ya ibada” hueleza matumizi yake. Mfasiri asiyetenganisha mawili hayo humsaidia muuzaji kutoza bei ya jina tupu.