Vidonge vya Majira kwa Orangutani

Kila nikimaliza kuzungumza hadharani, swali ni lilelile, na huulizwa kwa uchungu wa kweli: "Daktari, orangutani wanakwisha duniani, halafu ninyi wa bustani za wanyama mnawapa vidonge vya majira wasizae. Kwa nini msiiache familia ikae pamoja, asili ifanye kazi yake?"

Nimelijibu kwa upole miaka mingi. Leo nalijibu bila kuzunguka, maana nyuma yake kuna imani inayowaumiza wanyama hawa: kwamba mnyama anamjua ndugu yake, hivyo hawezi kumpanda.

Anaweza, na hufanya hivyo.

Tazama maisha yao ya porini. Binti akikomaa hujitafutia eneo jirani na la mama yake. Mtoto wa kiume huondoka akaenda mbali. Baba hayumo kabisa: alikuja, akapandana, akakaa siku chache, akaenda zake. Dume kijana hampandi mama yake kwa sababu hawaonani tena. Kinachowatenganisha ni mwendo wa kilomita nyingi za msitu. Sasa mchukue kijana huyo, mtie kwenye uzio mmoja na mama yake na dada zake, kisha funga mlango. Hizo kilomita umeziondoa zote. Kimebaki nini cha kumzuia?

Naambiwa, "Mama atamkataa." Huenda. Lakini miongoni mwa orangutani dume kumlazimisha jike ni jambo linalojulikana na lililoandikwa sana, na wanaoongoza kwa hilo ni madume ambao hawajaota mashavu.

Hayo mashavu nayo yanawadanganya watu. Dume kamili anatisha: mashavu mapana kama sahani pande zote mbili za uso, kifuko kinachoning'inia kooni, mlio unaosikika zaidi ya kilomita moja. Mgeni akimwona huyo anasema, "Yule ndiye baba." Kumbe dume anaweza kukaa miaka kumi na zaidi bila mashavu, umbo lake likikaribia la jike, na mbegu zake ziko sawasawa. Ketambe, kule Sumatra, watafiti walipima vinasaba vya watoto wa msituni, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba karibu nusu yao walizaliwa na madume wasio na mashavu. Basi yule "mtoto" wa miaka tisa anayebembea kwenye kamba karibu na mama yake, nanyi mnampiga picha mkicheka, tayari anaweza kuwa baba wa mdogo wake mwenyewe.

Mfugaji wa mbuzi hahitaji mhadhara huu. Beberu akishakaa miaka miwili zizini, humbadilisha na wa jirani, asije akawapanda binti zake. Sijawahi kumsikia mfugaji akisema waachwe tu, watajuana. Lakini mtu huyohuyo akifika kwenye bustani ya wanyama, hesabu hiyo inamtoka kichwani.

Na kwa orangutani hesabu ni ngumu zaidi. Puan, jike wa Sumatra, alipelekwa bustani ya Perth, Australia, mwaka 1968, akafa mwaka 2018 akiwa na miaka 62. Alizaa watoto 11, na uzao wake wote ulifika 54, wakatawanywa Australia, Marekani na Ulaya. Bintiye Temara aliachiliwa msituni Sumatra mwaka 2006. Nafurahi kila nikimkumbuka. Lakini ukoo wa jike huyo mmoja ulikaribia asilimia 10 ya orangutani wa Sumatra walio kwenye bustani za dunia. Ukichukua dume huku na jike kule bila kufungua daftari la nasaba, unaweza kuwaoza watu wenye bibi mmoja. Vichwa vinaongezeka, damu ni ileile.

Kidonge kinarudisha nafasi ambayo msitu uliiweka. Porini jike huzaa mara moja kila miaka saba au minane, na uzazi wa kwanza huja akikaribia miaka 15. Bustanini, kwa shibe aliyonayo na dume mlangoni, anaweza kushika mimba kabla hajatimiza miaka 10, yeye mwenyewe bado mtoto, hajajifunza kulea.

Kulea hufundishwa. Mujur, jike wa Borneo katika bustani ya Dublin, Ireland, alipoteza watoto wawili, mwaka 2019 na 2022, kwa kutowatunza ipasavyo. Mimba iliyofuata, wanawake 30 wenye watoto wachanga walikwenda kukaa mbele yake na kunyonyesha ili aone. Julai 2024 alijifungua dume, akampakata vizuri, ila hakumweka sawasawa kwenye titi. Mtoto akaishia kwenye chupa. Somo ambalo wanawake 30 walijaribu kumpa ukubwani, binti hulipata bila kuambiwa akiwa bado na mama yake siku mdogo wake anapozaliwa. Familia ya kulindwa ni hiyo, mama na binti.

Nitaambiwa habari za Berani, dume wa bustani ya Denver, Marekani, aliyemlea bintiye Cerah baada ya mama yake kufa mwishoni mwa 2022. Ni kweli, na inagusa moyo. Lakini Cerah akikomaa itabidi atengwe na baba huyohuyo aliyembeba.

Cha kufanya, basi. Kwanza ijulikane kila mnyama ni wa Borneo au wa Sumatra, maana ni aina mbili tofauti; zamani walichanganywa, na machotara wao hawazalishwi tena, hivyo kwao kufunga uzazi moja kwa moja ni sawa. Baba asipojulikana, pima vinasaba, usibahatishe kwa sura. Mtoto wa kiume ahamishwe anapokaribia kukomaa, asisubiriwe aote mashavu. Dume mkubwa apewe zamu yake na jike aliyechaguliwa, kisha arudi kwake. Jike asiye na zamu apewe kidonge, kijiti au kitanzi. Vinavyotumika ni vilevile vya wanawake. Mimba ipimwe kwa mkojo, kwa kipimo cha duka la dawa.

Na mtunzaji awe na subira. Orangutani hupokea kipande cha ndizi chenye kidonge, akatafuna taratibu akikutazama machoni, akameza ndizi, kidonge kikabaki nyuma ya mdomo wa chini hadi utakapogeuka. Mwambie afungue mdomo, vuta mdomo wa chini, tazama chini ya ulimi. Halafu ndipo uandike kwenye daftari kwamba amemeza.