Masomo ya Kikorea na Ufadhili wa Wanafunzi wa Nje

Masomo ya Kikorea hayahusu lugha peke yake; hukusanya historia, fasihi, dini na siasa za rasi nzima. Hata hivyo, kila anayeyakusudia hukutana kwanza na swali la fedha.

Mfuko unaojulikana zaidi ni ule wa serikali ya Korea Kusini, uitwao Global Korea Scholarship. Humlipia mwanafunzi nauli ya ndege, ada na posho ya kila mwezi. Kabla ya uzamili au uzamivu, hukaa mwaka mzima akijifunza lugha tu, isipokuwa kama amekwisha kufikia ngazi ya 5 au ya 6 ya mtihani wa TOPIK. Hapo ndipo penye mtego. Asiyeipata ngazi ya 3 mwishoni mwa mwaka huo huongezewa miezi 6. Akishindwa tena, ufadhili hukoma. Kwa maoni yetu, afadhali mtu aizoee hati ya Hangul, iliyotangazwa mwaka 1446, kabla ya kujaza fomu yoyote. Tena ombi ni moja: ama kwa ubalozi, ama kwa chuo chenyewe, wala si kote kuwili.

Aliyekwisha kuzama katika utafiti aitazame Korea Foundation, iliyoundwa mwaka 1991, ambayo hufadhili utafiti wa nyanjani na mafunzo ya lugha. Au Academy of Korean Studies ya Seongnam, iliyoanzishwa mwaka 1978, yenye shule yake ya uzamili na uzamivu.

Mwanafunzi wa Kiswahili naye asijione mgeni kabisa huko: Hankuk University of Foreign Studies, jijini Seoul, hufundisha Kiswahili.