Uingereza: Umeme wa kijani hupimwaje?

Kampuni nyingi za umeme nchini Uingereza huwaahidi wateja umeme wa kijani. Ahadi hiyo huegemea vyeti vya asili vinavyotolewa na mdhibiti wa nishati, Ofgem: cheti kimoja kwa kila megawati-saa 1 iliyozalishwa kwa upepo, jua au chanzo kingine cha nishati jadidifu.

Tatizo ni kwamba cheti huweza kuuzwa peke yake, bila umeme wenyewe. Kampuni inaweza kununua sokoni umeme uliozalishwa kwa gesi, ikanunua vyeti kando, na kuuita wa kijani, pasipo mtambo mpya hata mmoja kujengwa.

Kwa hiyo mteja hana budi kuuliza: je, kampuni ina mikataba na wazalishaji wenyewe, au imenunua vyeti tu?