Ala Tupu ya Jambia: Igeuze Nyuma Kabla Hujataja Bei

Umeletewa ala ya jambia, kisu hakipo, na mwenye mali anataka jibu leo. Usikimbilie kupiga picha. Igeuze nyuma kwanza.

Mzigo huu hauishi pwani. Seyyid Said alihamishia makao yake Zanzibar karibu mwaka 1840, na jambia la Oman likawa sehemu ya vazi la heshima huku kwetu. Shida ni kwamba za watalii nazo zimejaa, shaba iliyopakwa rangi ya fedha, na kwenye picha ya simu huzitofautishi.

Umbo: ya Oman imepinda kama herufi L. Ikiwa ncha imekunjwa kurudi juu kama J, fikiria Yemen. Kisha hesabu pete za kushikia mkanda. Nne ni za kawaida. Saba ni mtindo wa Saidi, wa ukoo wa masultani, na wanunuzi wanaupenda. Ila pete saba si ushahidi wa uzee, maana mafundi wa Oman bado wanazitengeneza. Kwa hiyo usiandike "ya miaka 150" kwa sababu ya pete tu.

Sasa madini, hapa ndo watu wanapigwa. Kukosa mhuri wa 925 si dalili ya feki. Masonara wa zamani waliyeyusha sana reale za Maria Theresa, zile zenye tarehe 1780, ambazo fedha yake ni kama asilimia 83. Sumaku ikinasa, kuna chuma. Isiponasa bado hujajua kitu, kwani hata shaba hainasi. Angalia panaposuguliwa: nyuma panapogusa tumbo, kwenye ncha, ndani ya pete. Njano ikichungulia, imepakwa. Ikiwa nyeupe mpaka kwenye mikwaruzo, mpelekee sonara apime kwa asidi mahali pasipoonekana. Asikupigie hesabu kwa uzito wa ala nzima, ndani kuna mbao na ngozi.

Pete zilizolika upande mmoja kwa kuvutwa na mkanda ni dalili nzuri ya matumizi ya miaka mingi. Zipige picha kwa karibu.

Usiing'arishe! Mnunuzi wa vitu vya kale analipia ule weusi kwenye nakshi. Ukiutoa, umeshusha bei mwenyewe. Na usichomeke kisu chochote ili ionekane imekamilika. Mjuzi atagundua, na hapo hata ukweli wako mwingine hatauamini.

Kwenye bei, ala tupu haifiki bei ya jambia kamili. Kwenye eBay chuja vitu vilivyokwisha kuuzwa, si vinavyotangazwa. Kutangaza kila mtu anaweza.

Mpini ukipatikana, simama. Mipini mingine ya zamani ni pembe ya kifaru, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku na mkataba wa CITES tangu 1977. Hata kukutwa nayo bila kibali, Tanzania au Kenya, ni kesi ya jinai. Usiupost, waulize kwanza maofisa wa wanyamapori.

Tangazo lenyewe liwe fupi: "Ala ya jambia, mtindo wa Oman, pete 4, haina kisu. Fedha imepimwa na sonara. Umri haujathibitishwa. Ngozi imepasuka kidogo nyuma, tazama picha ya 5."