Sigara: Mwuza Dawa wa Sokoni Aweza Kusaidia



Karibu katika kila kikundi tunachotembelea yuko mwanachama ambaye kikohozi chake chasikika kabla hajafika mlangoni. Mkutano ukianza huketi karibu na dirisha. Katikati ya hesabu anatoka nje "kunyoosha miguu", na akirudi harufu yarudi naye. Siku ya soko anapitia kemisti kununua chupa ya dawa ya kikohozi. Akitoka hapo, hatua kumi tu, anasimama kwenye kibanda na kununua sigara mbili. Mwuza dawa amemwona. Mwenye kibanda amemwona. Sisi pia tumemwona. Hakuna aliyemwuliza neno.

Twataka kuzungumza juu ya neno hilo ambalo mwuza dawa angemwuliza.

Sheria tunayo. Kenya iliidhinisha mkataba wa dunia wa kupambana na tumbaku mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2007 ilikataza kuvuta mahali pa watu wengi na kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10. Kwa hivyo ile sigara moja moja ya kibandani ni kinyume cha sheria, ingawa sote twajua inauzwa mchana kweupe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta watu wazima milioni 2.5 wakitumia tumbaku, pamoja na wale wa ugoro. Lililotugusa zaidi ni kwamba wengi wa wavutaji walisema wanafikiria kuacha ama wanapanga kuacha. Yaani yule wa dirishani huenda anataka, ila hajui aanzie wapi.

Basi mbona haachi? Wengi wetu tumezoea kusema ni ukaidi, na tukamkemea mbele ya watu. Ukweli ni kwamba ndani ya tumbaku mna nikotini, na mtu akivuta moshi hiyo nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu. Ubongo huizoea. Ikipungua mwilini, mtu huwa na hasira, hatulii, usingizi unaruka, njaa inamkamata. Vijana wa Pwani huiita arosto. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu kabisa, kisha hali hupoa polepole kwa wiki mbili hadi nne. Mtu anayeacha kwa kiapo tu, bila msaada, mara nyingi huangukia katika siku hizo tatu, halafu tunasema, "Si tulijua!"

Hapa ndipo dukani panapohusika. Zipo dawa zinazompa mtu nikotini kidogo bila moshi, na moshi ndio unaobeba lami na hewa ya sumu inayoharibu mapafu na moyo. Zilizo za kawaida ni plasta ya kubandika na chingamu. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Anayezitumia vizuri huongeza nafasi yake ya kufaulu kwa nusu hivi kuliko asiyetumia kitu. Si uchawi, lakini ni msaada wa kweli.

Mwuza dawa aliyesomea kazi yake ataanza na swali: ukiamka asubuhi, wakaa muda gani kabla ya sigara ya kwanza? Anayevuta kabla ya nusu saa kuisha amefungwa zaidi, na kwa chingamu huyo huhitaji ile ya miligramu 4. Mwingine yatosha ya miligramu 2.

Tukae kidogo juu ya chingamu hii, maana watu huitafuna kama ya watoto, kisha wakalalamika ati inachoma koo na haisaidii. Itafune polepole mpaka usikie ladha kali kama ya pilipili. Hapo acha kutafuna, iweke kati ya ufizi na shavu. Ladha ikiisha, tafuna tena kidogo, ihamishe upande mwingine. Moja huchukua kama nusu saa. Dakika 15 kabla yake, na wakati iko mdomoni, usinywe soda, kahawa wala maji ya matunda, kwa sababu uchachu wake huzuia nikotini kuingia mwilini. Wiki sita za kwanza hutumiwa moja kila saa moja au mbili, kisha hupunguzwa mpaka wiki ya 12. Plasta ni rahisi zaidi: hubandikwa asubuhi mahali pakavu pasipo na nywele, na kesho yake hubandikwa mahali pengine. Ikileta ndoto mbaya, ibanduliwe wakati wa kulala.

Mama mjamzito, kijana aliye chini ya miaka 18 na mtu aliyepatwa na ugonjwa wa moyo karibuni waende kwanza hospitali. Anayekunywa dawa za akili, au vidonge vya pumu aina ya theofilini, amwambie daktari kabla hajaacha. Moshi wa sigara huufanya mwili umalize dawa hizo haraka. Mtu akiacha, kipimo kile kile chaweza kuwa kikubwa mno. Na vile vifuko vyeupe vya nikotini ambavyo vijana wanaweka chini ya mdomo si dawa ya kuacha sigara, hata kama mtu atawaambia hivyo.

Tena kikohozi. Wavutaji hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Mtu aliyekohoa wiki mbili asiuziwe chupa ya tatu ya dawa ya kikohozi. Atumwe zahanati akapimwe makohozi. Mwuza dawa anayekuuzia tu bila kukuambia hilo hakufai.

Kazi hii si ya kubuni. Huko Uskoti, mwaka 2008 serikali ilianzisha mpango wa kusaidia wavutaji katika maduka ya dawa ya mitaani. Mvutaji anapanga siku ya kuacha, anapita dukani wiki baada ya wiki, anapewa dawa na kuulizwa ameendeleaje, na hupuliza katika chombo kidogo kinachopima ile hewa ya sumu. Petu chombo hicho si rahisi kukipata. Lakini sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kuulizwa kila wiki na mtu yule yule, na hilo halihitaji chombo.

Gharama ni kikwazo, hatufichi. Dawa hizi si rahisi, na maduka mengi ya vijijini hayaziweki kwa sababu hakuna anayeziulizia. Lakini tupige hesabu. Tuseme mtu avuta sigara 10 kwa siku, na tuseme moja ni shilingi 10. Hiyo ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Ni mchango wa mzunguko katika vikundi vingi. Kikundi chaweza kumkopesha mwanachama pesa za dawa, naye akarudisha kwa zile ambazo angezichoma.

Kabla ya hapo, chagueni watu wawili waende kwa mwuza dawa siku isiyo ya soko, apate nafasi ya kuongea. Watazame ukutani kama leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ipo na ni ya mwaka huu. Wamwulize kama aweza kuagiza plasta na chingamu akijua wanunuzi wapo, na kama atakubali wanachama wapite kwake kila wiki. Akisema hana muda, mwambieni dakika tatu zatosha.

Na yule wa dirishani asilazimishwe. Aulizwe faraghani, na mtu wa rika lake. Akikubali, achague siku mwenyewe, mbali na msiba au arusi, na siku tatu za kwanza mwenzake asimwache peke yake jioni. Kiu ya sigara ikija hupita kwa dakika chache. Wazungumze, ama wachote maji. Akianguka akavuta moja, asitupe plasta zilizobaki. Arudi dukani wiki hiyo hiyo, amweleze mwuza dawa ilikuwa saa ngapi na alikuwa na nani.