Ada Mbili, Jina Moja

Wakala wa safari mjini Karatu akitaka mgeni ajipigie mwenyewe hesabu ya Ngorongoro kwenye tovuti, anakutana na ada za aina mbili. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa kila mtu. Ada ya kushuka kreta hulipwa kwa gari. Mtengeneza tovuti huziweka katika faili mbili za JavaScript, na kila moja huianza na `var ada`, maana ndilo jina linalokuja haraka.

Kwa utaratibu wa zamani, faili zote za ukurasa hutumia majina kwa pamoja, na inayopakiwa mwisho ndiyo inayoshinda. Ikiwa ya kreta ndiyo ya mwisho, familia ya watu 6 ndani ya Land Cruiser moja itaonyeshwa ada ya kreta mara 6, mahali palipopasa kuwa na kiingilio. Kivinjari hakitoi onyo lolote.

Moduli, zilizoingia katika kanuni rasmi za JavaScript mwaka 2015, zilikuja kutibu hilo. Ukiandika `type="module"` kwenye lebo ya `script`, kila faili inabaki na majina yake. `ada` ya kreta haionekani kwenye faili ya kiingilio mpaka moja itamke `export` na nyingine `import`. Hata hapo, aliyeagiza anasoma tu. Akijaribu kuibadilisha thamani, kivinjari kinakataa.

Wengi hukwama kwenye kitufe cha kukokotoa hesabu. Kilichoandikwa `onclick="kokotoa()"` ghafla hakifanyi kazi, na konsoli inalalamika: `kokotoa is not defined`. Funksheni ipo, tena imeandikwa sawasawa. Ila `onclick` ya ndani ya HTML hutafuta majina kwenye `window`, ambako moduli haikupeleka kitu. Dawa ya haraka ni `window.kokotoa = kokotoa`. Inafanya kazi, lakini kwa tovuti mpya siipendi hata kidogo: inaturudisha kwenye mgongano uleule tulioukimbia. Afadhali moduli yenyewe ikifuate kitufe, kikishapewa `id` ya `hesabu`:

`document.querySelector('#hesabu').addEventListener('click', kokotoa);`

Moduli husubiri ukurasa usomwe wote ndipo ianze kazi, kwa hiyo kitufe itakikuta.

Anayejaribu haya kwenye kompyuta yake asifungue ukurasa kwa kubofya faili mara mbili. Anwani ikianza na `file://`, Chrome hukataa kupakia moduli. Awashe kwanza seva ndogo. Amri ya `python3 -m http.server` inatosha, hata mtandao ukiwa umekatika.