Mteremko Husimama kwa Nini: Hesabu ya Matabaka, Maji na Mizigo

Mlima Elgon, ulio mpakani mwa Uganda na Kenya, ni volkano ya kale iliyozimika zamani. Miamba yake imechakaa kwa mvua na jua hata ikawa udongo mzito wenye rutuba, na kwa ajili ya rutuba hiyo watu wamepanda migomba na kahawa mpaka kwenye miteremko mikali. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo katika wilaya ya Bududa iliporomoka ikafunika kijiji cha Nametsi. Mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Mwezi wa Oktoba 2018 wilaya hiyo hiyo ikapatwa tena. Katika habari kama hizi liko jambo moja limshangazalo mtu mwenye kufikiri, nalo ni kwamba mteremko haukuongezeka ukali siku ile. Ulikuwa umesimama vile vile tangu enzi za mababu. Basi ni kitu gani kilichobadilika?

Wahandisi huliuliza swali hili kwa njia ya hesabu, na nia ya makala hii ni kuieleza hesabu hiyo kwa msomaji asiye mhandisi. Istilahi moja haina budi kutangulia, yaani *kadiri ya usalama*. Katika udongo wa mteremko mna nguvu mbili zishindanazo: uzito wa udongo wenyewe, ambao hutaka kuushusha, na ukinzani wa udongo, ambao huuzuia. Gawanya nguvu ya kuzuia kwa nguvu ya kushusha, na jawabu ndilo kadiri ya usalama. Likizidi 1, mteremko husimama, likipungua, huporomoka.

Ukinzani wa udongo una asili mbili, kama alivyoonyesha Mfaransa Coulomb katika andiko lililochapishwa mwaka 1776. Asili ya kwanza ni mshikamano, yaani ule unato unaofanya bonge la mfinyanzi lisivunjike mkononi. Ya pili ni msuguano wa punje kwa punje, nao huongezeka kadiri punje zinavyogandamizwa pamoja. Msomaji na aushike sana msuguano huu, maana siri ya jambo lote imo humo.

Njia ya kuhesabu iliyoenea duniani haikuzaliwa milimani. Ilizaliwa bandarini, katika mji wa Göteborg nchini Sweden, ambako mwezi wa Machi 1916 sehemu ya gati la Stigberg iliteleza ikaingia majini. Wahandisi Petterson na Hultin walipoichunguza waliona kwamba udongo laini ulikuwa umeteleza juu ya uso uliopinda mfano wa tao la duara. Wakalichora tao hilo karatasini, wakaukata udongo ulio juu yake vipande vilivyosimama wima, kama mtu akatavyo mkate, wakapima uzito wa kila kipande. Fellenius, mhandisi wa nchi hiyo hiyo, akaieneza njia hii katika miaka ya 1920, na Bishop wa Uingereza akaisahihisha mwaka 1955 kwa kuhesabu namna vipande vinavyosukumana ubavuni.

Uzuri wa vipande ni kwamba kila kimoja huchukua hali ya mahali pake. Kitako cha kipande kimoja kikiwa katika kichanga, hupewa ukinzani wa kichanga. Cha jirani yake kikifika katika mfinyanzi, hupewa wa mfinyanzi. Kipande chenye nyumba juu yake huongezewa uzito wa nyumba. Kisha tao jingine huchorwa, na jingine, mpaka lipatikane lile lenye kadiri ndogo kuliko yote. Kazi hiyo ilimchosha mhandisi wa zamani siku nyingi. Leo kompyuta hujaribu matao maelfu kwa muda mfupi. Lakini palipo na utando mwembamba wa udongo dhaifu, tao si mfano wa kweli, kwa kuwa mporomoko haufuati duara bali huufuata utando ule. Mtu akimwachia mashine achore matao tu, huenda akapata jawabu la kupendeza na la uongo.

Tuje sasa kwenye maji. Wengi hudhani kwamba maji huulainisha udongo kama mafuta kwenye chuma. Sivyo hasa. Mtu akisimama baharini maji yamfike kifuani, nyayo zake hukanyaga mchanga kwa wepesi, kwa sababu maji yamembeba sehemu ya uzito. Ndivyo yafanyavyo maji yaliyojaa katika vitundu vya udongo: huzibeba punje, mgandamizo wao hupungua, na msuguano hupungua nao. Terzaghi ndiye aliyeliweka jambo hili wazi katika miaka ya 1920.

Na tutazame kwa tarakimu. Chukua mteremko mrefu wenye mwinamo wa digrii 30, udongo wenye kina cha mita 3 juu ya tabaka gumu lisilopitisha maji upesi. Uzito wa udongo uwe tani 1.8 kwa mita ya ujazo, pembe ya msuguano digrii 30, na mshikamano tani 0.6 kwa mita ya mraba. Tarakimu hizi nimezichagua mimi kwa mfano, hazikupimwa Bududa. Udongo ukiwa mkavu, kadiri ya usalama ni 1.26. Mvua ikinyesha, maji hushuka mpaka kwenye tabaka gumu, na kwa kuwa hayapati njia ya kuendelea chini hujikusanya juu yake, yakawa yatiririka kuufuata mteremko. Yakipanda mita 1, kadiri hushuka hata 1.07. Yakipanda mita 1.5, ni 0.98, na mlima hauna tena cha kuushika. Tena tazama: nusu ya juu ya udongo ingali haijajaa maji, na mkulima atembeaye shambani hataona dimbwi lolote.

Na nyumba je? Tuweke mzigo wa tani 1 kwa kila mita ya mraba juu ya mteremko huu wote. Ukiwa mkavu, kadiri hushuka kutoka 1.26 mpaka 1.22, maji yakiwa mita 1.5, haibadiliki, ni 0.98 ile ile. Sababu ni kwamba mzigo ulioenea husukuma chini lakini pia hugandamiza punje. Kwa maoni yangu, basi, wanaolaumu uzito wa nyumba za vijijini hulaumu pasipostahili. Dhara kubwa zaidi hutokana na kuchimba mteremko ili kupata kiwanja cha nyumba, maana aliyechimba ameondoa udongo uliokuwa ukitegemeza ule wa juu.

Mizigo mikubwa ni habari nyingine, hasa ikiwekwa kichwani mwa tao na si mguuni. Mguuni mzigo husaidia kuzuia. Katika Aberfan, nchini Wales, taka za mgodi wa makaa ya mawe zilirundikwa mlimani juu ya kijiji. Rundo la saba, lililoanzwa mwaka 1958, liliwekwa juu ya chemchemi zilizokuwa zimekwisha kuonyeshwa katika ramani. Tarehe 21 Oktoba 1966 liliteremka likafunika shule na nyumba. Watu 144 walikufa, na 116 kati yao walikuwa watoto. Hapo mzigo na maji vilikutana mahali pamoja.

Kwa hiyo, atakaye kuuhesabu mteremko hana budi kwanza kuchimba mashimo ayajue matabaka, kisha kutia mabomba yenye matundu apime kimo cha maji. Vipimo vya maji vichukuliwe wakati wa masika. Vya kiangazi vitampa ile 1.26, naye atawaambia watu walale. Na akitaka kuusaidia mlima, hesabu ile ile humwonyesha pa kuanzia. Kuziondoa nyumba zote za mfano wetu wakati wa mvua hakuongezi kitu, lakini mifereji ya kuyapokea maji kabla hayajaingia mteremkoni, pamoja na mabomba ya kuyatoa yaliyokwisha kuingia, ikiweza kuyashusha kutoka mita 1.5 hadi mita 1, huirudisha kadiri kutoka 0.98 hadi 1.07. Mifereji hiyo hutaka kuzibuliwa kila mwaka kabla ya mvua, kwa kuwa mfereji ulioziba katikati ya mteremko huyamwaga maji yote mahali pamoja.